Ombi la Kumtoa Binti Yangu Kwenye Mdahalo, Pamoja na Sababu Zisizopingika

Kwa Mwalimu Mkuu,

Mheshimiwa Mwalimu, nakuamkia kwa heshima zote. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na walimu wako wote, pamoja na yule wa mdahalo, ambaye naye namtakia afya njema ila apungukiwe kidogo na sauti.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi, ambacho ni cha mbele cha nyumba yangu, kiko barabara ya nyuma ya shule yako, katikati ya kinyozi na fundi viatu, na ile bendera inayopepea uwanjani kwenu pindo lake nimelishona mimi. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ujue kwamba anayekuandikia si mpita njia. Binti yangu ni mwanafunzi wako wa kidato cha tatu, na mtaa mzima unamwita Pini, kwa udogo wake na kwa sababu nyingine ambazo utaziona.

Juzi alileta nyumbani fomu. Fomu inasema Jumamosi kuna mashindano ya mdahalo baina ya shule, kwamba Pini amechaguliwa kuwa msemaji wa kwanza, na kwamba bila sahihi ya mzazi kufikia Ijumaa nafasi yake atapewa mwenzake. Hoja watakayojadili imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Sikuisoma na sina haja ya kuisoma. Mwalimu, sahihi sitii. Tena naomba zaidi ya hapo: umtoe kabisa kwenye chama hicho, na kama shule ina namna yoyote, irudishe kichwa chake katika hali aliyokuja nayo. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, maana nasikia ndivyo mnavyofundisha.

1. Nyumba yangu ilikuwa imesimama juu ya nguzo moja imara, nayo ni "kwa sababu nimesema". Baba yangu aliitumia, na babu aliitumia kwa sauti kubwa zaidi. Siku moja nikamwambia Pini akunje vipande vya vitambaa kabla ya kutoka kucheza. Akauliza kwa nini asivikunje akirudi. Nikasema kwa sababu mimi ni baba yako. Akasema kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma, "Hicho ni cheo, Baba. Sababu ni ipi?" Nikamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaniuliza ni guu la nani lilivunjika, na lini. Mwalimu, nilikaa kwenye kiti changu nikipekua ukoo mzima kutafuta mtu mmoja tu aliyevunjika kwa ukaidi. Nikampata mmoja, baba yangu mdogo, aliyeanguka kutoka juu ya paa. Na juu ya paa alipandishwa na kaka yake mkubwa, aliyemwambia panda, mti huo wa paa unabeba. Nikakunja vitambaa mwenyewe.

2. Ndugu wa mke wangu, yaani shemeji yangu, hana kazi maalumu ila ana muda mwingi. Kwa miaka nilimzuia kukaa kwenye benchi la wateja wangu kwa hoja moja nzuri sana: akikaa pale, sindano za cherehani zinakatika. Niliona kwa macho yangu. Alikuja Jumatatu, ikakatika. Alikuja wiki iliyofuata, ikakatika tena. Mwenyewe alishaamini, masikini, akawa ananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara na kupita haraka. Basi binti yangu akachukua daftari na kuandika mwezi mzima: siku ambazo mjomba wake alipita, siku ambazo hakupita, na sindano zilizokatika. Zilikatika tano. Nne zilikatika mjomba mtu akiwa safarini. Ya tano ilikatika akiwepo, kweli, lakini siku hiyo nilikuwa nashona turubai kwa sindano ya shati. Daftari likasomwa mbele ya shemeji. Sasa anafika kazini kabla yangu, anakunywa chai yangu, na kila sindano ikikatika anageuza shingo na kusema, "Andika hiyo, mpwa wangu." Nani atanitolea mtu huyu kwenye benchi? Shule itamtoa?

3. Jirani yangu fundi viatu alisema kibao changu cha mlangoni kimepinda. Nikamjibu mbele ya watu kwamba mtu ambaye kidole gumba chake kinachungulia kutoka kwenye kiatu chake mwenyewe hawezi kunifundisha mimi kunyoosha kitu. Watu walicheka! Jibu hilo nililipenda, nilikuwa nimelitunza wiki nzima. Pini akasubiri kicheko kiishe, akasema, "Kiatu chake kimetoboka, tumekubali. Kibao je, Baba, kimepinda au hakikupinda?" Akafunga kishikizo kikubwa cha koti kwenye ncha ya uzi, akauning'iniza mbele ya kibao hadi uzi ukatulia. Mwalimu, kimepinda. Kimepinda miaka sita, na miaka yote hiyo nilikuwa nadhani ni barabara ndiyo imeinama.

4. Lalamiko la nne nimeliondoa. Mwandishi wangu, maana siandiki kwa mkono wangu, ameniuliza lina tofauti gani na lile la kwanza. Nimetafakari nikaona tofauti ni kwamba la nne nilikuwa nalisema kwa hasira zaidi.

5. Sasa nafika kwenye jeraha lenyewe, kaa vizuri. Katika kazi yetu, nguo ikimbana mteja, fundi analo jibu moja alilorithi kwa fundi wake: "Umenenepa." Duniani hakuna jibu zuri kama hilo. Mteja akikataa, unamwambia anayenenepa hajioni. Akisema nguo zake nyingine zinamtosha, unamwambia hizo zimelegea kwa kufuliwa. Hana pa kutokea! Pini aliwahi kuniuliza, "Baba, mtu akiwa hajanenepa kweli, atakuthibitishia vipi?" Nikamwambia hawezi, na huo ndio uzuri wake. Aliandika kitu kwenye daftari, sikukitilia maanani.

Mwezi uliopita nikashona sare za walinzi ishirini na wawili. Msimamizi wao akarudi nazo zote zimebebwa kwenye gunia, kiuno kinabana. Nikamwambia, mkuu wangu, vijana wako wamenenepa, wanakaa mno getini. Naapa msimamizi alishaanza kuitikia kwa kichwa. Ndipo Pini, ambaye alikuwa anapiga pasi kola pembeni, akauliza kwa upole kabisa: "Wote ishirini na wawili, Baba? Kwa wiki mbili? Inchi ileile moja?"

Lahaula! Msimamizi akaacha kuitikia kwa kichwa. Binti akafungua mkoba wake, akatoa rula ya shule, akaitandika tepu yangu ya kupimia juu ya meza na kuanza kuihamisha rula kando yake, hatua kwa hatua. Tepu hiyo ni ya kitambaa. Nilikabidhiwa na fundi aliyenifundisha kazi, siku aliponiambia sasa nenda kajitegemee, na imekaa shingoni mwangu miaka kumi na minane. Imevutika. Palipoandikwa arobaini pana inchi arobaini na moja. Mtu mwenye kiuno cha arobaini na moja, mimi namwandika arobaini.

Sikukubali kirahisi, mimi si mtu wa kuanguka kwa upepo. Nilitoa hoja ambayo hadi leo naiona ya kitaalamu. Nilisema kama mwili umepimwa kwa tepu iliyovutika, na kitambaa nacho kikapimwa kwa tepu hiyohiyo, kosa linafuta kosa na nguo inatoka sawasawa. Msimamizi akasema ee, hapo fundi amesema. Hata Pini aliweka rula chini akafikiri, kisha akasema, "Hiyo ni hoja nzuri sana, Baba." Mwalimu, sijui kama una watoto. Nilifurahi kama nimepewa cheti. Halafu akageuka taratibu akatazama meza ya kukatia, ambayo ukingoni nimeipigilia rula ya mbao, na hiyo ndiyo ninayopimia kitambaa, kila siku ya Mungu, mbele yake, tangu alipokuwa anatambaa chini ya meza hiyohiyo.

6. Hili la sita ni fupi. Wakati rula inatandikwa, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Miaka saba iliyopita nilimshonea gauni la harusi ya mdogo wake, likambana, nikamwambia, mama watoto, umenenepa. Nikamwambia tena mwaka uliofuata, kwenye gauni jingine. Na mwaka ule mwingine. Tangu gauni lile la kwanza hali chakula cha jioni. Anapika, anatupakulia mimi na Pini, anakaa nasi mezani na glasi ya maji, tukimwuliza anasema ameshiba. Siku ile ya rula aliitazama tepu, akanitazama mimi, akaliweka birika chini akarudi jikoni. Mpaka leo hajalizungumza. Nasema hivi: kama binti yangu asingefundishwa kuuliza, mama yake angebaki na amani yake na mimi ningebaki na yangu. Huo ndio ubaya wa elimu hii, inaleta maumivu ambayo hayakuwepo. Mwandishi wangu ameuliza kama hayakuwepo au hayakuonekana. Nimemwambia aandike anachoambiwa.

Mwalimu, kwa hayo sita, ambayo ni matano, nadhani umeshakubaliana nami. Kama bado, fikiri mbele kidogo. Leo ni tepu. Kesho atauliza kwa nini kinyozi anamlaumu mteja kwa umbo la kichwa. Keshokutwa atakwenda sokoni kuangalia mizani, wiki ijayo atasimama kwenye mkutano wa mtaa aulize mwenyekiti ana ushahidi gani, na mwezi hautaisha kabla watu wazima wote wa mji huu hawajakaa ndani na milango imefungwa, wakiogopa mtoto mwenye rula. Ama mtamtoa kwenye mdahalo, ama familia yangu itasambaratika. Njia ya tatu haipo. Nimeulizwa hapa kama nimeitafuta. Sijaitafuta, lakini kama ingekuwepo ingeshajitokeza.

Tena usidhani niko peke yangu. Wazazi wote wa mtaa huu wananiunga mkono. Nimewauliza wawili. Kinyozi, ambaye hana mtoto, alisema ananielewa. Shemeji alisema nikamwulize Pini.

Na huyo mwalimu wa mdahalo, anayewafundisha watoto kutambua hoja mbovu, suruali zake nazifupisha mimi, na nakuambia kwa siri ya kazi kwamba mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenzake. Mtu asiyelingana miguu atajengaje hoja iliyosimama? Mwandishi wangu amekohoa. Iandikwe kwamba amekohoa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu. La kwanza, kama ni lazima Pini afundishwe, afundishwe kujenga hoja peke yake, hilo la kutambua zilizo mbovu liachwe hadi nitakapokuwa nimezikwa. La pili, shule inipe barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba baba yake huwa sahihi. Nitaibandika ukutani juu ya cherehani, na siku nyingine akiniuliza sababu, nitamwonyesha kidole tu.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa shule, mlinzi wa getini (mwambie aje, suruali yake nitaiachia kiuno bila maneno), na wanafunzi wote ambao bado hawajajiunga na mdahalo. Huku nyumbani mke wangu angekusalimu kama angekuwa anaongea, na shemeji anakusalimu kutoka kwenye benchi.

Ni mimi, mzazi ninayetaka kusikilizwa,

Fundi Cherehani, baba yake Pini

Baada ya sahihi:

Mwalimu, mwandiko huu mzuri unaousoma ni wa Pini. Mimi niliacha shule darasa la sita na mwandiko wangu hausomeki hata na mimi. Mama yake nilimwomba aniandikie, akanitazama tu. Basi tumekaa mezani pa kukatia tangu mchana, mimi nasema, yeye anaandika. Ameandika kila neno kama nilivyolitamka, hata yale ya kumshitaki yeye. Alichoniuliza ni kile ulichokiona basi.

Tulipofika mwisho nikamwambia anisomee. Akasoma yote, polepole, bila kubeza. Mwalimu, maneno yako yana sauti moja ukiyasema na sauti nyingine ukisomewa na mtoto wako. Lilipofika la mguu wa mwalimu nilijiona ni mimi yule wa kidole kwenye kiatu. Nilihesabu makosa mwenyewe, vidoleni, nikapata saba. Nikamwuliza yeye amepata mangapi. Akasema manane. Nikamwambia nitajie la nane. Akasema, "La nane si neno ulilosema, Baba. Ni lile uliloliacha."

Ni kweli kuna jambo niliacha kukueleza, kwa kuwa halikuisaidia hoja yangu. Siku ile ile ya rula, mbele ya msimamizi, nilichukua mkasi nikaikata ile tepu vipande vipande. Sare zote ishirini na mbili nikazifumua na kuziachia kiuno. Kisha nikaandika majina ya wote niliowahi kuwaambia wamenenepa, kadiri ninavyowakumbuka, na kila jioni tumekuwa tukizunguka mlango kwa mlango mimi na Pini, kuwaambia haikuwa ninyi, ilikuwa tepu yangu. Tumeshafika milango thelathini na minne. Bibi mmoja alicheka hadi akakaa chini. Mwingine alinifungia mlango usoni, na alikuwa na haki. Jina moja ndilo limebaki kwenye orodha, na mlango wake nauona hapa nilipo, maana ni wa jikoni kwangu. Naona aibu, Mwalimu. Watu wa nje wamenisamehe kwa sababu niliwaharibia nguo moja. Huyu nimemharibia milo ya miaka saba.

Baada ya hapo nikaomba ile fomu nisome herufi ndogo. Hoja inasema: "Mzazi anastahili kusikilizwa hata kama huwa anakosea." Na chini yake: "Msemaji wa kwanza, upande wa kuunga mkono." Kumbe tangu juzi, mimi nikidhani mtoto ananichimba, alikuwa anatafuta jinsi ya kunitetea! Akanionyesha karatasi yake. Anatakiwa awe na sababu tatu. Mbili ameshaziandika na anasema ni za vitabuni, upande wa pili wataziangusha asubuhi na mapema. Ya tatu hana. Nikampa ile ya "kwa sababu ni mzazi". Akacheka, nami nikacheka, lakini hakuiandika.

Nikamwuliza kwa nini asiandike kwamba baba yake alionyeshwa kosa akalikata kwa mkasi, akaenda kwenye milango ya watu kulikiri, na kwamba mtu wa namna hiyo hata akikosea kesho inafaa asikilizwe. Akasema ndiyo sababu aliyokuwa anaitaka, ila upande wa pili watamwuliza swali moja tu, kama milango yote imekwisha, na yeye hawezi kusema uongo jukwaani. Ameacha mistari mitatu wazi kwenye karatasi. Anasema hawezi kuandika jambo ambalo bado halijatokea.

Fomu nimeitia sahihi, iko ndani ya bahasha hii. Yote niliyoyaomba hapo juu nayaondoa, isipokuwa lile la mlinzi. Nasikia sahani zinapangwa. Nakatiza hapa, Mwalimu, naingia jikoni.

Mwalimu Mkuu, shikamoo. Ni mimi Pini. Baba amekaa huko muda mrefu na sikusikia walichosemezana, kwa hiyo hilo silithibitishi. Nilichokiona ni hiki: Mama ameleta sahani tatu mezani, na yake ina chakula. Ile mistari mitatu nimeijaza. Jumamosi nitakuja.